Mashauri ya Nyumbani: Kipimo cha Sarafu za Mchezo

Mwezi huu tumekusudia kujibu neno tuliloulizwa mara nyingi, na watu wa namna mbili. Vijana huuliza wakicheka: "Mwalimu, kuna ubaya gani mtu akitia sarafu zake chache katika mashine ya kamari jioni, kwa kujifurahisha tu, kisha akaenda zake?" Akina mama huuliza bila kucheka: "Mwalimu, hizo sarafu chache mwisho wake ni wapi?"

Maswali haya mawili kwa kweli ni swali moja. Wala hatupendi kulijibu kwa kukemea tu, kwani mtu aliyekemewa huenda akaacha kusema, asiache kucheza. Afadhali tulifungue jambo lenyewe, tulihesabu, ndipo tutoe shauri.

Mashine yenyewe

Mashine tunazozisema wengi wenu mmeziona. Wengine huziita bonanza, na vijana wa mitaani huziita dubwi. Ni sanduku lenye kioo mbele, na ndani yake picha za matunda, kengele na nyota zilizopangwa kwa kuzunguka. Mchezaji hutia sarafu ya shilingi 200, ile yenye sura ya Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Huchagua picha yake, na taa hukimbia ikizunguka mpaka isimame. Ikisimama juu ya picha aliyoichagua, sarafu humwagika kwa kelele. Isiposimama hapo, sarafu yake imekwenda.

Katika nchi yetu mchezo huu una sheria yake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyoiunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kila atakaye kuendesha mashine za namna hii hana budi kupata leseni ya Bodi hiyo. Mtoto aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwa hiyo mwenye duka akimwacha mtoto aliyetumwa chumvi asimame mbele ya mashine na baki ya fedha ya mama yake, avunja sheria ya nchi. Na kila mtu mzima apitaye hapo ana haki ya kumwambia, tena ana wajibu. Majirani zetu wa Uganda wamekaza zaidi: sheria yao ya mwaka 2016 yamkataza kucheza kila asiyetimiza miaka 25. Na huko Kenya, mwaka 2018, serikali ilizikusanya mashine nyingi za vijijini na mitaani zilizokuwa hazina kibali, ikaziteketeza kwa moto mbele ya watu. Serikali haziwashi moto kwa ajili ya mambo ya mzaha.

Mashine ya kwanza ya namna hii iliyopata sifa kubwa ilitengenezwa na fundi Charles Fey, mzaliwa wa Bavaria katika Ujerumani, aliyehamia San Francisco huko Marekani. Aliitengeneza mwishoni mwa karne ya 19, akaiita Liberty Bell, maana yake Kengele ya Uhuru. Ilikuwa na magurudumu matatu, na kila gurudumu lilikuwa na picha kumi. Mchezaji alitia sarafu ya senti tano, akavuta mkono wa chuma, magurudumu yakazunguka. Tuzo kubwa kuliko zote ilikuwa kengele tatu zikikaa mstari mmoja, nayo ilikuwa sarafu kumi, yaani senti hamsini.

Sasa tuhesabu, kwani hesabu ndogo hufungua macho. Picha kumi kwa magurudumu matatu ni kumi mara kumi mara kumi, yaani namna 1,000 za kusimama. Ikiwa kengele ni moja tu katika kila gurudumu, basi kengele tatu zitakutana mara moja katika mizunguko 1,000. Mtu atie sarafu 1,000, tuzo kubwa impe sarafu 10. Zilikuwapo tuzo ndogo ndogo pia za kumtia moyo, lakini Bwana Fey hakuwa mjinga. Aliyapanga magurudumu yake hivi kwamba mashine ibaki na kitu sikuzote.

Mashine za siku hizi ni werevu zaidi. Ndani yake mna kompyuta ndogo ichaguayo namba, na taa au picha huja nyuma kuonyesha kilichokwisha kuamuliwa. Mwaka 1984 mtu aitwaye Inge Telnaes alipewa Marekani hati ya kulinda uvumbuzi wake, nao ulikuwa huu: picha zionekanazo kwa macho zaweza kuwa chache, lakini namba zilizofichwa nyuma yake zikawa nyingi, picha ya tuzo kubwa ikapewa namba moja tu, na picha isiyo na kitu ikapewa namba nyingi. Mchezaji atazamapo huona picha zote ziko sawa, hudhani kila moja ina nafasi sawa na mwenzake. Sivyo. Jicho lahesabu picha, mashine yahesabu namba.

Tena mashine haina kumbukumbu. Mtu husema, "Imekula tangu asubuhi, sasa ni lazima iteme." Maneno haya yana sura ya akili, lakini hayana akili. Mchezo huu wa sasa haujui kitu juu ya mchezo uliopita, kama vile ukirusha sarafu juu mara tano ikaangukia simba mara zote tano, mara ya sita haina deni la kukulipa sura ya Mzee Karume.

Hesabu ya wachezaji wawili

Tuwaweke sasa watu wawili mbele ya mashine moja, kila mmoja ana shilingi 2,000, yaani sarafu kumi. Tuseme, kwa mfano, mashine hiyo imepangwa kurudisha shilingi 85 katika kila shilingi 100 zitiwazo. Mashine moja hupita nyingine, lakini mfano huu watosha kutufundisha. Maana yake ni kwamba katika kila sarafu ya shilingi 200, mwenye mashine hubaki, kwa wastani, na shilingi 30.

Mchezaji wa kwanza hutia sarafu zake kumi, na kila kinachotoka hukirudisha tundunu, kwani asema, "Hizi si zangu, ni za mashine." Tuufuate mkondo wa fedha yake. Mzunguko wa kwanza shilingi 2,000 zageuka 1,700. Azirudisha: zabaki 1,445. Azirudisha tena: 1,228. Mara ya nne zabaki 1,044, na mara ya tano 887. Hakuna aliyemwibia. Hata huenda aliruka kwa furaha mara tatu au nne njiani, sarafu zilipomwagika. Lakini mwisho wa mkondo huu ni mmoja tu: mpaka sarafu ya mwisho. Na neno lile, "ni za mashine," ndilo lililomponza. Fedha ikitoka mashineni ikaingia mkononi mwako ni fedha yako kama ile uliyopata kwa jasho. Yanunua chumvi ile ile na mafuta yale yale.

Mchezaji wa pili ana mifuko miwili. Katika mfuko wa kushoto mna sarafu zake kumi. Kila atiapo moja na kitu kikatoka, hukitia mfuko wa kulia, wala hakigusi tena mpaka afike nyumbani. Sarafu kumi zikiisha, mchezo umekwisha. Kwa wastani mtu huyu hurudi na shilingi 1,700, na burudani yake imemgharimu shilingi 300.

Lakini tusidanganyane kwa neno wastani. Wastani huchanganya siku nyingi za hasara na siku moja moja za tuzo kubwa. Jioni nyingi mchezaji huyu naye atarudi na fedha pungufu, na jioni nyingine mfuko wa kulia utakuwa mtupu kabisa. Basi hata yeye sharti aondoke nyumbani akijua moyoni kwamba shilingi 2,000 zile amekwisha kuzitoa. Asiyeweza kuzipoteza zote bila nyumba kutikisika, asichukue hata moja.

Tutazame na mwendo. Mtu mwenye haraka aweza kucheza mara kumi kwa dakika moja. Kwa saa moja hiyo ni michezo 600, na kwa sarafu ya shilingi 200 amepitisha mikononi mwake shilingi 120,000. Kwa mfano wetu, 18,000 kati ya hizo zimebaki kwa mwenye mashine. Mtu wa namna hii akija na shilingi 2,000, akazirudisha rudisha, kwa wastani hazitimizi dakika saba. Mwingine acheza mara moja kwa dakika, akaongea na wenzake, akanywa maji yake, akatia nyingine. Fedha ile ile yamtosha saa moja na zaidi. Kama ni kujifurahisha kweli, nani aliyefurahi zaidi? Ndiyo maana twasema kwamba haraka ni dalili ya kwanza: mtu aendaye mbio hafurahi, anafukuza.

Kwa nini moyo hunaswa

Huenda msomaji akasema, "Hesabu nimeielewa, mimi siwezi kunaswa." Twamheshimu, lakini na asikie habari ya njiwa. Mtaalamu wa Marekani, B. F. Skinner, pamoja na mwenzake Charles Ferster, waliandika kitabu mwaka 1957 juu ya majaribio waliyoyafanya kwa njiwa. Njiwa aliwekwa ndani ya sanduku, akidonoa kidude ukutani hupata punje. Walipompa punje kila baada ya idadi ile ile ya kudonoa, alidonoa, akala, akapumzika. Lakini walipompa punje bila mpango aujuao, mara baada ya kudonoa kidogo, mara baada ya kudonoa sana, njiwa alidonoa mbio mbio, wala hakupumzika. Kutojua ndiko kulikomshika.

Binadamu si njiwa, ana akili na dhamiri. Hata hivyo damu yetu yaijua hali hii. Mvuvi ambaye nyavu zake zimetoka tupu mara nne huitupa ya tano kwa moyo mwepesi, kwa sababu hajui. Tofauti ni kwamba baharini samaki wamo, na ustadi wa mvuvi wafaa kitu: ajua mwezi, ajua upepo, ajua mwamba. Mcheza bao naye ajua kete zake, na akishindwa leo atajifunza kwa ajili ya kesho. Katika mashine hakuna ustadi. Aliyecheza miaka kumi hajui zaidi ya aliyeanza leo, ila ameizoea sauti yake tu.

Na zaidi ya yote, jihadharini na neno "karibu." Taa ikisimama picha moja kando ya ile uliyoichagua, moyo hulia, "Karibu nipate!" Lakini kukosa kwa picha moja na kukosa kwa picha kumi ni kukosa kule kule.

Majira ya fedha katika pwani yetu

Twaja sasa kwa neno ambalo kwetu ni zito kuliko mahali pengine. Mfanyakazi wa mshahara hupata fedha kila mwezi, kidogo kidogo. Sisi wa kusini tulio wengi twalima korosho, na fedha ya korosho huja kwa majira. Minada huanza kama mwezi Oktoba. Vyama vya msingi hukusanya korosho ghafi, vyama vikuu kama MAMCU na TANECU huziuza mnadani, na malipo hupita benki mpaka kwa mkulima. Katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mtu aliyekaa miezi bila noti mkononi, ghafula ana fedha za mwaka mzima.

Wakati huo huo mji hubadilika: maduka hujaa, muziki hulia, na mashine nazo hupata watu. Shilingi 2,000 ambazo mwezi wa Julai zilikuwa kitu kikubwa, mwezi wa Novemba zaonekana kama mavumbi. Lakini fedha hiyo si ya Novemba peke yake. Ndani yake mna palizi na salfa ya msimu ujao, mna sare na madaftari ya Januari, mna unga wa Machi, na mna ugonjwa usiojulikana siku yake. Tena nani awezaye kuuapia msimu ujao? Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za wanunuzi. Mwezi Novemba serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likazibeba korosho, na wakulima wengi wakangoja malipo muda mrefu. Aliyekuwa ameweka akiba aliungoja kwa utulivu. Asiyekuwa nayo alikopa.

Akina mama wa Msimbati waendao mwambani kutafuta pweza wanaweza kutufundisha. Siku za bamvua maji hupwa sana, mwamba huwa wazi, na ndiyo siku ya kupata. Lakini wajua pia kwamba siku hiyo hiyo maji hurudi kwa nguvu, na aliyesahau kutazama nyuma huzungukwa. Msimu wa korosho ndio bamvua yetu. Ni siku ya kupata, tena ni siku ya kutazama nyuma.

Basi kipimo kiwe hiki: fedha ya mchezo isikadiriwe kwa wingi wa fedha za Novemba, bali kwa uchache wa fedha za Julai. Kiasi ambacho nyumba haitakilalamikia mwezi wa Julai, hicho ndicho kipimo, hata kama benki imejaa. Hesabuni na mwaka: shilingi 2,000 mara moja kwa juma ni shilingi 104,000 kwa mwaka, shilingi 2,000 kila siku ni shilingi 730,000. Kila nyumba na ijijibu yenyewe fedha hiyo ingefanya nini.

Shauri letu

Kanisa Katoliki, katika Katekisimu yake ya mwaka 1992, lafundisha kwamba michezo ya bahati haipingani na haki kwa asili yake, lakini hugeuka kuwa ovu pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake na kwa ajili ya wanaomtegemea. Tena laonya kwamba tamaa ya kucheza yaweza kumfanya mtu mtumwa. Majirani zetu Waislamu, ambao tumeishi nao pwani hii tangu zamani, wamekatazwa kamari kabisa na dini yao. Yatupasa kuliheshimu hilo: mtu asimwite jirani wala shemeji yake kwenda kucheza naye kwa kisingizio cha urafiki.

Kwa yule basi ambaye ni mtu mzima, ambaye dini yake na dhamiri yake hazimkatazi, na aonaye kwamba apenda burudani hii, tunatoa mambo matano.

La kwanza, kiasi kipangwe nyumbani, si mbele ya mashine. Kipangwe baada ya chakula, madeni na mahitaji ya watoto kutengwa, na mwenzi wa ndoa akijue. Na iwe hivi:

"Mama watoto, jioni hii nachukua elfu mbili za mchezo."

"Vema, baba watoto. Na zikiisha?"

"Zikiisha, nami nimekwisha. Utaniona mlangoni."

Mtu awezaye kuyasema maneno haya bila kona kona bado ni bwana wa mchezo wake. Asiyeweza kuyasema amekwisha kujijibu.

Kwamba kipimo huwekwa kabla, si mawazo yetu tu. Watu wa Norway, ambao kampuni yao Equinor imetafuta gesi katika kina cha bahari yetu ya kusini, waliona mashine hizi zikiharibu nyumba. Mwezi Julai 2007 waliziondoa zote zilizokuwa zikiendeshwa na watu binafsi. Baadaye shirika lao la umma lilileta mashine nyingine, ambazo mtu hakuweza kuzicheza bila kadi yenye jina lake, na kadi hiyo ilikuwa na mpaka wa kupoteza kwa siku na kwa mwezi. Mpaka ulipofika, mashine ilifunga. Ikiwa taifa tajiri lenye shule nyingi halikuutegemea uthabiti wa moyo mbele ya taa, kwa nini mtu mmoja wa Mtwara autegemee? Sisi hatuna kadi hiyo. Kadi yetu ni neno tulilolisema nyumbani.

La pili, nenda na sarafu, usiende na simu ya fedha. Siku hizi simu ni benki, na mwenye benki mkononi hana mwisho wa sarafu. Tena wapo wachezao kamari ndani ya simu yenyewe, usiku, kitandani, pasipo mtu wa kuwaona. Hapo kipimo ni kigumu kukishika kuliko barazani, kwa maana noti haionekani ikiondoka. Shauri letu kwa mchezo wa simu ni kuuacha.

La tatu, sarafu ipite mara moja. Mfuko wa kushoto na mfuko wa kulia, kama tulivyoeleza. Na cha mfuko wa kulia kifike nyumbani, kikahesabiwe mbele ya yule uliyemwaga.

La nne, siku moja katika juma, tena polepole. Usiende siku ya malipo, usiende ukiwa umelewa, usiende ukiwa na hasira au huzuni, kwani mtu wa hali hizo haendi kufurahi, anakwenda kusahau. Na kusahau hakuna kipimo.

La tano, usikope ili ucheze, wala usicheze ili urudishe ulichopoteza. Fedha iliyokwenda imekwenda, kama nauli ya kivuko: umevuka, huwezi kuidai. Mtu asemaye, "Nacheza mara moja tu nirudishe changu," hachezi tena. Anamlipa mwenye mashine ili amwombe kazi.

Asiye na kipimo

Lipo na neno la mwisho, na hilo twalisema kwa upole. Wapo ambao kipimo chao ni sufuri. Aliye na deni, kipimo chake ni sufuri. Aliyepewa fedha za watu, mweka hazina wa kikundi au karani wa chama, naye ni sufuri, wala si kwa siku moja. Na yule aliyejaribu kushika kiasi akashindwa mara mbili na ya tatu, huyo asijaribu ya nne, aache kabisa.

Dalili zake zajulikana: huficha, husema uongo juu ya fedha ndogo, huuza kitu cha nyumbani na kusema kimeibwa, huongeza kiasi kwa sababu kile cha zamani hakimsisimui tena, hukasirika akizuiwa. Tusidhani kwamba mtu huyu ni mwovu kuliko wengine. Shirika la Afya Duniani limeuhesabu utumwa wa kamari kuwa ni ugonjwa, na umo katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Mgonjwa hapigwi wala hasimangwi mbele ya watoto. Na amwambie mtu mmoja amwaminiye. Fedha za nyumba zishikwe na mwenzi wake kwa muda. Aibadili njia ya kurudi nyumbani, asipite penye mashine. Na ikiwa hawezi kulala au ameanza kusema maneno ya kukata tamaa, aende kwa mganga wa hospitali aseme wazi. Haya si aibu. Aibu ni watoto kulala na njaa kwa sababu baba yao aliona haya kusema.

Kwa hiyo twawajibu vijana: ubaya hauko katika sarafu moja, uko katika sarafu ambayo haikuhesabiwa nyumbani. Nanyi akina mama mlioulizia mwisho wake, mwisho wa sarafu zile ni mahali palipowekwa mpaka kabla ya kuondoka. Na pasipowekwa mpaka, mwisho wake ni ghala la nyumba.

Minada haijaanza. Huu ndio wakati wa kukaa pamoja jioni, baba na mama, na kuandika katika daftari: chakula, shule, shamba, ugonjwa, deni; na mwisho kabisa, burudani. Mkiona mstari ule wa mwisho umebaki na shilingi 2,000, mnajua. Mkiona haukubaki na kitu, lipo bao chini ya mwembe, na halitaki sarafu.

Kwaherini, mpaka mwezi ujao.